Sauti ya Babu Yako Iko Wapi?

Huenda hapo nyumbani kwako Rukanga, Bungule au Makwasinyi yuko kijana anayekesha na visikizi masikioni, akisema lazima awe mtayarishaji wa muziki wa kompyuta. Usimkemee. Nawe kijana, usiondoke. Keti kando ya mzazi wako, maana habari hii inawahusu nyote wawili.

Yuko Mkenya mmoja aliyezaliwa Nairobi mwaka 1997, jina lake Joseph Kamaru. Katika muziki anajiita KMRU. Jina hilo ni la babu yake, mwimbaji mashuhuri wa Kikuyu aliyefariki mwaka 2018, yule ambaye hakuogopa kuimba juu ya kuuawa kwa J.M. Kariuki mwaka 1975. Babu alitumia gitaa na maneno. Mjukuu anatumia kompyuta, na mara nyingi muziki wake hauna hata neno moja.

Utauliza, huo ni muziki gani? Kazi yake huanza na kusikiliza. Hutembea na kinasa sauti, akanasa ndege, mvua, magari na watu. Kisha huzivuta sauti hizo kwenye kompyuta, akazitandaza moja juu ya nyingine, mpaka zikageuka kitu kingine kabisa. Mwaka 2020 alitoa albamu iitwayo Peel kupitia kampuni ya Editions Mego ya Austria, na jina lake likavuma Ulaya. Akaenda Berlin kusomea sanaa ya sauti.

Wala hakubaki pale pale. Katika Temporary Stored ya mwaka 2022, aligeukia sauti za Waafrika zilizohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Mwaka 2023, katika Dissolution Grip, aliitazama michoro ya mawimbi ya sauti alizonasa, akaifuata kuunda sauti mpya. Na katika Natur ya mwaka 2024 alinasa mingurumo ya umeme ambayo sikio tupu haliisikii.

Lakini kazi yake ninayotaka uikumbuke ni nyingine. Alizikusanya nyimbo za babu yake, akazitoa upya ili zisikike tena duniani. Mwaka 2021 ikatoka Heavy Combination, mkusanyiko wa nyimbo za mzee huyo tangu 1966 hadi 2007. Mjukuu alikwenda mbali, lakini hakuyaacha ya nyumbani yapotee.

Sasa turudi Kasigau. Mwaka 1915, vita vya Wajerumani na Waingereza vilipofika hapa, serikali ya Waingereza iliwashuku watu wa Kasigau kuwa waliwasaidia Wajerumani. Ikawahamisha kwa nguvu hadi Malindi. Wengi walifia huko, na waliosalia hawakurejea mlimani hadi miaka ya 1930. Waliohamishwa hawapo tena. Wapo wazee walioyasikia hayo kwa wazazi wao, nao wanapungua kila mwaka. Wapo pia wanaojua kupiga mwazindika kama inavyopasa. Je, ni nani amewanasa sauti? Au tunangoja siku moja vitukuu wetu wapande ndege kwenda kuomba sauti hizo katika jumba la ng'ambo?

Kijana, usiseme huna vyombo. Simu uliyo nayo yatosha kuanzia. Nasa asubuhi na mapema, kabla ya upepo kuchacha, na ufunike kipaza sauti kwa kitambaa chepesi. Nasa kengele za ng'ombe wanapotoka zizini, na madebe yanayogongwa usiku kufukuza ndovu shambani. Mitindo ya mijini inaigwa na kila mtu, lakini sauti hizi za kwenu nani atakushinda kuzijua?

Ukifika kwa mzee, omba ruhusa kwanza. Mweleze utafanyia nini sauti yake. Andika jina lake, kijiji na tarehe. Nakala moja ibaki kwa jamaa yake, na nyingine iwekwe mahali tofauti, kwani simu huibwa na simu huanguka majini. Ukija kupata pesa kwa wimbo uliotokana na sauti ile, rudi kwa mwenyewe mgawane. Sauti ya mtu ni mali yake kama mbuzi wake.

Nawe mzazi, kijana akikuomba nauli ya kwenda kwa nyanya yake na simu iliyojaa moto, mpe. Huenda hutaupenda muziki atakaoutengeneza. Haidhuru. Sauti ya nyanya itakuwa imebaki, na hiyo haiuzwi dukani.

Hadi Jumapili ijayo, kwaheri.