Dogo akitoka mahabusu, nani anampokea?



Kuna dogo wa mtaani kwetu, miaka 15, alidakwa na simu ya wizi. Kituoni akaulizwa umri, akasema 18, maana jamaa mmoja mkubwa mle ndani alishamwambia ukisema hivyo mambo yanaisha haraka. Hayakuisha. Akapelekwa mahabusu ya watu wazima, akakaa wiki mbili mpaka mama yake alipopata kadi ya kliniki ya kuonyesha mwanawe kazaliwa lini. Cheti cha kuzaliwa hana.

Sasa tusiseme hatuna sheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Kesi yake inatakiwa kusikilizwa kwenye mahakama ya watoto, afisa ustawi wa jamii akiwepo, na mahakama inatakiwa kuchunguza umri wake. Kumhukumu mtoto kifungo cha jela ndiyo kabisa, hairuhusiwi. Hakimu anaweza kumwachia kwa masharti au kumpeleka shule ya maadilisho.

Kwenye karatasi safi kabisa. Mimi ninachogombana nacho ni umbali. Mahabusu za watoto tunazozijua ziko miji michache: Dar, Tanga, Moshi, Arusha, Mbeya. Shule ya maadilisho ya Irambo iko Mbeya, na kwa miaka mingi ndiyo ilikuwa pekee nchi nzima. Dar mpaka Mbeya tu ni zaidi ya kilomita 800. Je, mtoto wa Kigoma? Mama muuza vitumbua nauli ya kwenda kumwona anaitoa wapi?

Najua wengine mtasema basi tujenge nyingi zaidi. Hapo mimi nasita. Mtoto wa kesi ya simu hahitaji ukuta, anahitaji mtu wa kumfuatilia. Kwa maoni yangu tuanze na haya:

1. Umri usiandikwe kwa maneno ya mtoto peke yake. Mzazi aitwe siku hiyo hiyo.

2. Makosa madogo yamalizikie mtaani, chini ya afisa ustawi mwenye nauli ya kumfikia mtoto nyumbani.

3. Aliyepelekwa maadilisho, mpango wa kutoka uanze siku anayoingia: atarudi shule gani, atajifunza ufundi kwa nani, nyumbani yupo nani.

Hilo la tatu ndilo linaloniuma. Dogo wetu alitoka, kesi ikaisha. Shule hakurudi, maana wenzake walimbatiza jina "Mfungwa". Sisi majirani tukawa tukimwona tunaingiza viatu ndani. Waliomchangamkia ni jamaa aliowajua kule kule mahabusu, na sasa anashinda nao kijiweni.

Akidakwa tena, na safari hii ana 18 kweli, tutasema alizaliwa mwizi?

Naomba kuwasilisha.