Waranti ya gari la mtumba isisainiwe

Wasomaji wetu walioko Marekani tunawaambia bila kumung'unya maneno: ukinunua gari la mtumba kwenye yadi, ukaingizwa chumba cha nyuma kusaini karatasi za mkopo, waranti ya kuongeza utakayowekewa mezani ikatae. Ikatae hata kama anayeiuza ni mwenzetu, Kiswahili chake kimenyooka na ameshakuita kaka mara nne. Hapo ndipo ukaze zaidi.

Tunajua nani anauziwa. Ni Mkenya wa Lowell au Worcester anayetoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, ni Mkongomani wa Dallas anayewahi kazini ghalani alfajiri, ni dereva wa Uber ambaye gari ndiyo ofisi yake. Kwa watu hawa gari likilala gereji wiki moja, kodi ya nyumba imeyumba. Ofisa wa mikopo wa yadi analijua hilo vizuri kuliko anavyoijua gia boksi ya gari analouza. Kwa hiyo gari halizungumzii. Anazungumzia usiku wa theluji, barabara kuu, watoto kiti cha nyuma na taa ya injini iliyowaka ghafla. Akishamaliza kutisha, anasogeza karatasi: "Dada, ni dola sitini na nane tu kwa mwezi."

Hiyo "tu" tuipigie hesabu. Chukua mkataba wa dola 3,000 unaodumu miaka 3, umechomekwa ndani ya mkopo wa miezi 72 kwa riba ya asilimia 18, na riba ya namna hiyo si ajabu kwa mgeni ambaye bado hana historia ya mikopo. Kila mwezi ni dola 68 na senti kadhaa. Mkopo ukiisha, umelipa zaidi ya dola 4,900. Waranti yenyewe ilikufa mwaka wa tatu, na miaka mitatu iliyofuata ulikuwa unalipia kitu ambacho hakipo. Ndani ya zile 3,000 mna faida ya yadi na kamisheni ya aliyekuuzia. Ndiyo maana bei hushuka ghafla ukiinuka kuondoka.

Jarida la Consumer Reports liliwahi kuwauliza wenye magari walionunua mikataba hii, likachapisha majibu mwaka 2014. Asilimia 55 hawakuitumia hata mara moja. Walioitumia, kwa wastani, walilipa mamia ya dola zaidi ya kile walichookoa. Mtetezi wa biashara hii atasema bima yoyote iko hivyo: nyumba nyingi haziungui na bado watu wanalipa. Hoja hiyo hatuikubali. Nyumba ikiungua mtu hana pa kuanzia, ila gia boksi ina bei inayojulikana na inaweza kuwekewa akiba. Na bima ya nyumba haimtaki mwenye nyumba aibomoe kwanza kwa gharama yake ili ithibitike kwamba iliungua.

Mkataba huu unataka. Injini imeanza kugonga, umelivuta gari mpaka gereji. Fundi haruhusiwi kugusa chochote kabla hajampigia msimamizi wa mkataba, maana kazi iliyofanyika bila kibali hailipwi. Msimamizi anataka injini ifunguliwe ionekane kilichoharibika. Anayeidhinisha kufungua si yeye, ni wewe, kwa saini yako. Sampu inateremshwa, beringi za krenki zinatolewa, saa za fundi zinaandikwa. Siku mbili baadaye mkaguzi anakuja na kamera, anapiga picha tope jeusi la oili lililoganda, halafu anaomba risiti za kumwaga oili tangu ununue gari. Wewe oili ulikuwa ukimwaga mwenyewe uani, au kwa jamaa wa kanisani aliyekutoza dola ishirini na kukupa soda. Risiti haipo. Jibu linakuja kwa barua pepe: matengenezo hayakuthibitishwa, dai limekataliwa. Injini iko mezani vipande vipande, bili ya kuifungua ni yako, na ya kuifunga pia.

Aliyevuka kigingi hicho anakutana na vingine. Kuna uchakavu wa kawaida, ambao kwa gari lililotembea maili laki moja unaweza kutajwa kwa karibu kila kifaa. Kuna hitilafu iliyokuwapo kabla ya mkataba, na kwa gari la mtumba nani atathibitisha kwamba haikuwapo? Kuna kiasi unachokatwa kila unapopeleka gari, na ukomo wa malipo ya saa ya fundi ambao gereji nyingi za mijini zimeshaupita. Halafu kuna kifungu tunachotaka kila dereva wetu akitafute kabla ya kingine chochote: mikataba mingi haimlipi mtu anayelitumia gari kwa biashara, na kubeba abiria wa Uber au Lyft au kupeleka chakula ni biashara. Dereva anauziwa kinga kwa sababu gari ni kazi yake, na siku ya dai ananyimwa malipo kwa sababu hiyo hiyo. Muuzaji aliyejua mnunuzi ni dereva wa Uber akanyamaza, huyo kwa maoni yetu ametapeli, hata kama karatasi zake zimekaa sawa.

Hapa tuseme na wenzetu wanaofanya kazi kwenye yadi hizo. Tangu 1985 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani, FTC, inazitaka yadi zibandike dirishani mwa gari la mtumba karatasi inayosema kama gari lina dhamana au linauzwa lilivyo. Biashara ikifanyika kwa Kihispania, karatasi lazima iwepo kwa Kihispania. Kiswahili hakimo. Kwa hiyo mama aliyefika mwaka juzi kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu hana karatasi anayoweza kuisoma. Ana wewe tu unayemtafsiria. Ukimwambia "mama, benki haitoi mkopo bila hii", umemdanganya. Waranti hii ni ya hiari, na FTC yenyewe inawashauri wanunuzi wanaoambiwa maneno hayo wampigie aliyetoa mkopo wamuulize wenyewe.

Wala asije mtu akasema haya hayakujulikana. Kampuni ya US Fidelis ya Missouri, iliyokuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa mikataba hii, ilifilisika mwaka 2010 na ndugu wawili walioiendesha wakaishia gerezani. Mwaka 2021, katika miezi mitatu tu, mtandao mmoja ulipiga simu za kurekodiwa zaidi ya bilioni 5 kuwaambia Wamarekani kwamba waranti ya gari lao inakaribia kwisha. Tume ya mawasiliano, FCC, iliutoza faini ya karibu dola milioni 300 mwaka 2023. Julai 2024 ikawa zamu ya CarShield, iliyokuwa ikitangazwa na watu maarufu akiwemo mwanamuziki Ice-T. Ilikubali kulipa dola milioni 10 kumaliza shauri la FTC, iliyodai kwamba matangazo yake yaliwapotosha wateja waliokuwa wakilipa mpaka dola 120 kwa mwezi wakiamini matengenezo yao yamelipiwa. Faini hizi zote zinakuja baada ya mtu kuumia, na nyingine hata hazikusanywi.

Mwisho wa 2023 FTC ilijaribu kuziba tundu mapema. Ilipitisha kanuni ya kuzikataza yadi kumbebesha mnunuzi nyongeza zisizomfaa, au asizozikubali waziwazi. Wenye yadi walikwenda mahakamani, na Januari 2025 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tano ikaifuta kanuni hiyo kwa hoja ya utaratibu: tume ilikuwa imeruka hatua ya kutoa notisi ya awali. Hatubishani na majaji kuhusu notisi. Tunachosema ni kwamba miaka imepita na mnunuzi ameachwa pale pale, na tume inapaswa kuianza kazi hiyo upya, safari hii bila kuruka hatua.

Mpaka hapo itakapofanya hivyo, mnunuzi aanze na kinga ambayo tayari anayo. Toyota nyingi zina dhamana ya kiwanda ya injini na gia boksi ya miaka 5 au maili 60,000, inayomfuata mnunuzi wa pili. Betri ya haibridi ya Toyota kwa magari ya kuanzia 2020 ni miaka 10 au maili 150,000. Hyundai hutangaza miaka 10, lakini hiyo kamili ni ya mmiliki wa kwanza, wa pili hupata 5. Massachusetts inailazimisha yadi kutoa dhamana kwa gari la mtumba lililo chini ya maili 125,000: siku 90 kwa lenye maili chache, siku 30 kwa lililochoka. New York na New Jersey nazo zina sheria za namna hiyo. Na ipo sheria ya shirikisho ya 1975, ya Magnuson-Moss, yenye kifungu ambacho yadi hazipendi kukitaja: yadi yenyewe ikifunga nawe mkataba wa huduma, yaani hii waranti ya kuongeza, ndani ya siku 90 tangu ikuuzie gari, haiwezi tena kujificha nyuma ya "linauzwa lilivyo" na kukwepa dhamana ya kisheria kwamba gari linafaa kwa matumizi ya gari. Yadi zinalijua hilo, na nyingi huuza mkataba wa kampuni nyingine ili zenyewe zisiwe ndani.

Jambo moja linatushangaza. Huku kwetu, mtu akinunua gari lililotoka Japani, hakosi kwenda yadini na fundi wake. Fundi anapandisha boneti, anataka injini iwashwe ikiwa baridi, ananusa oili, analala chini ya gari kwenye vumbi na shati lake jeupe. Watu hao hao wakifika Marekani wanaona haya, wanaamini kapeti la ofisi na kahawa ya bure. Kulipeleka gari kwa fundi asiye wa yadi kabla ya kununua ni gharama ya dola mia moja na kitu. Yadi ikikataa gari lisitoke kwenda kukaguliwa, ondoka.

Tunaacha mlango mmoja wazi. Kama mkataba unatolewa na kiwanda kilichotengeneza gari, si kampuni ya simu za kurekodiwa, gari unakusudia kukaa nalo miaka mingi, hulifanyii biashara, umeusoma mkataba wote nyumbani na unaulipa taslimu nje ya mkopo, basi uamuzi ni wako. Hakuna haja ya kuuamua siku ya kununua gari: mikataba ya viwanda huuzwa hata baadaye, dhamana ya kwanza ikiwa bado hai, na bei yake hupatanwa. Wengine wote, zile dola 68 ziingizeni kwenye akaunti ya pembeni kila mwezi. Mwaka wa tatu zitakuwa karibu 2,450, na hazimuulizi mtu risiti za oili.

Waliokwisha kusaini nao wasikae kimya. Mikataba mingi inampa mnunuzi siku 30 au 60 za kusitisha na kurudishiwa fedha zote kama hajadai chochote. Baada ya hapo hurudishwa kiasi cha muda uliobaki, ukitoa ada. Barua iende kwa yadi na kwa msimamizi wa mkataba kwa rejista, ikiwa na tarehe na picha ya maili zilizosomeka kwenye dashibodi siku hiyo. Fedha itapelekwa kwa aliyetoa mkopo na kupunguza deni. Malipo ya kila mwezi hayatashuka, kwa hiyo omba taarifa ya akaunti uhakikishe deni limeshuka kweli. Ukiuza gari, au likipata ajali likafutwa na bima, fedha ya muda uliobaki bado ni yako, ingawa hakuna atakayekupigia simu kukukumbusha. Yadi ikizungusha, peleka nakala ya barua na uthibitisho wa kupokewa kwenye ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo lako.