Kisu, Uso na Ridhaa

Twadhani upasuaji wa kurekebisha maumbile ni anasa ya matajiri. Kumbe huko Bukavu, Hospitali ya Panzi, aliyoianzisha Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, imewatibu maelfu ya wanawake walioraruliwa kwa ubakaji. Papa Pio wa XII, siku 5 kabla ya kufa kwake, Oktoba 1958, aliwaambia wapasuaji wa Italia kwamba kutafuta uzuri kwa kisu si dhambi kwenyewe. Hutegemea nia na hatari zake. Twakubali. Ila kwetu Swima swali zito ni ridhaa: mama asiyejua Kifaransa anatia kidole gumba kwenye karatasi gani? Na kovu lake likipigwa picha, nani ataionyesha, wapi? Asomewe kwa Kibembe, apewe na siku ya kufikiri, kabla ya dawa ya usingizi.