Panya akipona kisukari, mtoto wako bado anahitaji insulini

Ukisikia kwamba kisukari aina ya kwanza kimepata tiba, uliza kwanza: aliyepona ni mtoto au panya?

Katika ugonjwa huu, kinga ya mwili hushambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Njia zaidi ya 100 zimeuzuia kwa panya wa maabara. Kwa binadamu, zilizofanikiwa ni chache mno. Sababu mojawapo ni hii: jeni zetu nyingi zinafanana na za panya, lakini seli zetu za kinga haziziwashi na kuzizima kwa namna moja.

Sisemi utafiti wa panya ni bure. Dawa ya teplizumab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022, wazo lake lilijaribiwa kwanza kwa panya. Hata hivyo, huchelewesha ugonjwa kwa takriban miaka miwili, haiuponyi.

Kwa hiyo mzazi, habari za maabara zikutie moyo, zisikuachishe sindano. Mtoto akikosa insulini, asidi hujaa kwenye damu na anaweza kufariki ndani ya siku chache. Una shaka? Njoo kliniki na gazeti lako, tulisome pamoja.