Skana ya Mtumba: Isikilize Kabla ya Kulipa

Kama wewe na mwenzako mnataka kuziingiza kwenye kompyuta picha za harusi za wazazi wenu, msingoje. Huku kwetu Mtoni joto na unyevu wa pwani havisazi albamu: picha zinajikunja, nyingine zinagandana na nailoni.

Skana ya mtumba inatosha, ila usiichague kwa sura. Ile nyembamba inavutia, lakini nyingi ni za aina ya CIS: huona vizuri kile tu kilichogusa kioo. Picha iliyojikunja hutoka na ukungu. Mimi ningechukua ile nene, ya CCD. Ndani ina vioo na lenzi, hivyo huvumilia hata picha iliyoinuka kidogo.

Dukani, angalia kwanza chini au ubavuni. Nyingi za CCD zina kifungo cha kukaza kichwa wakati wa safari. Kifungue kabla ya kuwasha. Kisha sikiliza. Kichwa kiende kwa mlio mmoja. Kikikwaruza au kurukaruka, shaka mkanda au reli. Skani rula iliyolazwa kufuata mwendo wake. Ukingo ukipinda kama nyoka, mwachie mwenye duka mali yake. Mulika na kioo kwa tochi ya simu: ukungu wa ndani haufutiki kwa kitambaa.

Kabla ya kupanda bajaji, kaza tena kile kifungo. Halafu Jumapili mkaribisheni mama mkwe awatajie waliomo pichani. Majina hayo skana haiyajui.