Kupima Damu: Swali Lipi Limeulizwa?

Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mwalimu wa shule ya msingi, alinijia ofisini hivi majuzi akiwa na fadhaa. Dada yake, anayeishi na virusi vya Ukimwi, alikuwa amempeleka mwanawe wa miezi minne katika zahanati fulani. Mtoto alipimwa damu kwa kipimo cha haraka, na mama akapewa jibu la neno moja tu: chanya. Alirejea nyumbani akiamini kwamba mwanawe ameambukizwa. Wiki kadhaa baadaye, kipimo kingine katika hospitali nyingine hakikuona virusi vyovyote.

"Mwalimu," aliniuliza, "damu ni ile ile. Ni kipimo kipi kilichosema uongo?"

Mimi si daktari. Kazi yangu ni kuichunguza lugha. Hata hivyo, nionavyo, swali hilo ni la lugha kama lilivyo la tiba. Hakuna kipimo kilichosema uongo. Vipimo viwili vilijibu maswali mawili tofauti, ilhali sisi huviita vyote kwa jina moja: kupima damu.

Kipimo cha haraka huchunguza kingamwili, yaani askari ambao mwili huwaunda ili kupambana na virusi. Lakini mtoto huzaliwa na kingamwili alizopewa na mamake angali tumboni, nazo zaweza kudumu katika damu yake hadi afikishe umri wa miezi 18. Hivyo basi, kwa mtoto wa miezi minne, kipimo hicho chaweza kutoa habari za mama badala ya za mwana.

Kipimo cha pili, kijulikanacho kama PCR, hutafuta vinasaba vya virusi vyenyewe. Mbinu hii ilibuniwa na Mmarekani Kary Mullis mnamo 1983, naye akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka wa 1993. Matone machache ya damu hutolewa kisiginoni mwa mtoto, yakakaushwa juu ya karatasi maalumu na kupelekwa maabara. Humo, kipande cha kinasaba kinachotafutwa hunakiliwa kwa kupashwa joto na kupozwa tena na tena. Kila mzunguko huongeza nakala maradufu: moja huwa mbili, mbili huwa nne. Baada ya mizunguko 30, nakala moja yaweza kuwa zaidi ya bilioni moja.

Haya si mambo ya anasa ya wanasayansi. Shirika la Afya Duniani hupendekeza mtoto wa mama mwenye virusi apimwe kwa njia hii akiwa na umri wa wiki nne hadi sita. Pasipo matibabu, takriban thuluthi moja ya watoto walioambukizwa hufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja, na nusu yao kabla ya miaka miwili. Kusubiri miezi 18 ili kingamwili za mama ziishe ni kumsubiri mtoto ambaye huenda asiwepo.

Waama, hata PCR ina mipaka yake. Jibu la wiki ya sita ni la wiki ya sita. Mtoto anayenyonya aweza kuambukizwa baadaye, ndiyo maana kipimo hurudiwa. Wakati wa janga la Korona, kuanzia 2020, wapo walioshika cheti cha kipimo hicho kana kwamba ni kinga.

Hapa ndipo sisi walimu tunapohusika. Darasani tunamsifu mwanafunzi kwa kuwa na mtazamo chanya. Kisha zahanatini neno lilo hilo linaleta msiba. Isitoshe, halisemi ni kitu gani kilichotafutwa. Napendekeza tuwazoeze wanafunzi, na wahudumu wa afya wa kesho wamo miongoni mwao, kukitaja kilichotafutwa na kilichoonekana: kingamwili zimeonekana, virusi havikuonekana leo.

Laiti mama yule angaliambiwa hivi: "Kingamwili zimeonekana kwa mtoto, nazo huenda ni zako, sasa tutavitafuta virusi vyenyewe." Sentensi moja tu. Ingalimwondolea wiki nzima nzima za kilio, na isingaligharimu hata senti moja.