Ametoka Gerezani, Tusimfunge Tena

Mama akitoka gerezani na kurudi kwetu Lurujo, wengi tunakwepa hata kumsalimia. Bombani ni minong'ono, watoto wake wanamwona mgeni, usiku halali. Tunasema ana kiburi, kumbe moyo umejeruhiwa. Kifungo cha korti alikimaliza. Hiki cha pili tunampa sisi.

Kanuni za Bangkok, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa Desemba 2010, zinataka mwanamke asaidiwe hata baada ya kuachiliwa: kisaikolojia, kimatibabu, kisheria. Basi ndugu wa mashirika, msingoje aje ofisini, ataona haya. Mfuateni nyumbani, pamoja na mtu anayesema lugha yake. Na sisi vijana? Tuanze na salamu. Tumkaribishe kwenye kikundi cha akiba. Bado ni mama yetu.